Rosetti za Kinorwei kulainika kesho yake: nasema kosa ni sukari ndani ya uji

#1 KaraiLaBergen
Wakuu, salaam. Naleta hoja, na anayepinga apinge kwa vipimo.

Rosetti ni vile vitafunwa vyembamba vya Krismasi: chuma cha moto chenye umbo kinachovywa kwenye uji mwepesi wa unga, kisha kinarudi kwenye mafuta (Wanorwei huziita rosettbakkels, Waswidi struvor). Zikitoka kwenye mafuta zinavunjika kwa mlio. Kesho yake unaibana kwa vidole inapinda. Ukiuliza, jibu ni lile lile: mafuta yako hayakuwa moto. Mimi naona mafuta yanasingiziwa. Kinacholainisha ni sukari iliyo ndani ya uji. Sukari huvuta unyevu wa hewani, na rosetti ni nyembamba mno, unyevu kidogo tu unaienea yote.

Kipimo changu: mayai 2, maziwa ml 240, unga wa ngano g 125, chumvi robo kijiko cha chai, vanila nusu kijiko cha chai. Sukari hakuna. Uji unachujwa, unapumzika saa moja kwenye friji. Mafuta nyuzi 185. Sukari ya unga inanyunyizwa sahani ikiwa mezani, si kabla ya hapo.

Anayetia vijiko vikubwa viwili vya sukari kwenye kiasi hicho cha uji atuambie zake zinakaaje.

#2 BiZuhura_Uppsala
Zangu zina sukari na hazilainiki. Yai 1 zima na kiini 1, krimu nzito desilita 1 na nusu, unga desilita 1 na nusu (kama g 90), sukari vijiko vikubwa 2. Zikipoa kabisa naziweka kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, karatasi kati ya safu na safu.

Ukiondoa sukari unapata rosetti nyeupe. Ukitaka ipate rangi unaiacha zaidi kwenye mafuta, nayo inazidi kukauka. Halafu unasifu kukosekana kwa sukari, kumbe kazi imefanywa na muda. Hilo ulipime kwanza, kaka.

#3 FundiJiko
Mafuta hayasingiziwi. Chuma chenye uji kikiingia, joto linashuka papo hapo. Kwenye sufuria ndogo yenye mafuta nusu lita linaweza kushuka nyuzi 15 na zaidi, halafu mpishi anachovya nyingine kabla halijapanda. Rosetti ya kwanza imeiva kwa 185, ya sita imeiva kwa 160, na zote zinaingia kopo moja. Zile zenye maji zinawapa unyevu wenzao usiku kucha.

Tazameni mapovu. Mwanzoni ni makubwa na yana kelele, hayo ni maji yanatoka. Yakiwa madogo na kelele imepungua, maji yamekwisha, toa. Saa ya ukutani hailioni hilo. Mara nyingi ni sekunde 25 hadi 35, lakini mapovu ndiyo yanayosema.

Mafuta yawe kina cha sentimita 5 hadi 7, sufuria nzito, lita 1 kwenda juu. Mfuniko wake uwe karibu, maana mafuta yakishika moto hayazimwi kwa maji.

#4 Chipukizi_wa_Turku
Samahani wakuu, niko nyuma kidogo. Nyinyi mnagombania kesho yake, mimi hata leo sijafika. Uji haushiki kwenye chuma, nikichovya unabaki bakulini. Nikipata unaoshika, basi hautoki tena. Hatua zenyewe zikoje?

#5 KaraiLaBergen
@Chipukizi_wa_Turku karibu. Twende taratibu.

Chuma kikae ndani ya mafuta tangu yakiwa baridi, vipate moto pamoja. Mafuta yakifika 185, kiache humo dakika mbili zaidi kwa mara ya kwanza. Kitoe, kiguse kwenye karatasi ya jikoni iliyokunjwa mara kadhaa ili tone la chini liondoke. Chovya kwenye uji mpaka karibu na ukingo wa juu, usiuvuke. Ukiuvuka, uji unakifunga chuma juu na rosetti haina pa kutokea. Kishike hapo sekunde 3 hadi 5, utasikia kinachoma. Rudisha kwenye mafuta bila kugusa chini ya sufuria. Baada ya sekunde kama 15 kitikise taratibu, ikikataa sukuma ukingo kwa ncha ya uma. Ikishaachia, igeuze ipate rangi upande wa pili.

Ukiitoa, ilaze kwenye wavu wa waya mdomo chini. Ukiilaza mdomo juu, vile vijisehemu vya ndani vinabaki na mafuta.

Kabla ya kuchovya nyingine, chuma kirudi kwenye mafuta sekunde 15 hivi.

#6 Mswahili_Minnesota
Naongeza kwenye #5. Chuma kipya kinakuja na mafuta ya kiwandani. Kioshe mara moja kwa maji moto na sabuni, kikaushe kabisa, ndipo kikae kwenye mafuta ya moto dakika 10 au 15 kabla ya kazi ya kwanza. Kuanzia hapo ni kukifuta tu. Ukikisugua kwa steliwaya kila mara, unaondoa ule utando unaofanya rosetti iteleze.

Vingi vya kisasa ni alumini, vya zamani utakuta chuma cha kusubu. Alumini inapata moto haraka na kupoa haraka, kwa hiyo usizunguke nayo hewani. Chuma cha kusubu kinachelewa kushika moto ila kinautunza. Huku Minnesota, kwenye wajukuu wengi wa Wanorwei na Waswidi, vyote viwili vinapatikana kwenye maduka ya mitumba. Kampuni ya vyombo vya jikoni ya Nordic Ware, ya hapa hapa, ilianza mwaka 1946, na chuma cha rosetti kilikuwa miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo.

Kagueni pia uzi wa parafujo unaoshika umbo kwenye mpini. Ukipata moto unalegea. Kaza kwa koleo kabla hujawasha jiko, maana umbo likianguka ndani ya mafuta linarusha.

#7 Chipukizi_wa_Turku
Asanteni sana. Kuhusu kutoshika: mafuta 190, chuma kimekaa humo muda mrefu, nimefuta, bado uji unateleza.

#8 FundiJiko
Chuma kimezidi moto. Uji unapokigusa maji yanageuka mvuke ghafla, mvuke unausukuma uji nyuma. Punguza hadi 180, kitoe, hesabu hadi tatu, ndipo uchovye.

#9 BiZuhura_Uppsala
Au uji ni mwepesi. Uwe kama krimu ambayo haijapigwa: ukichovya kijiko na kupitisha kidole mgongoni, mstari ubaki. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga, subiri dakika 20, jaribu tena.

#10 Mswahili_Minnesota
Au chuma bado kina mafuta mengi. Karatasi moja haitoshi. Chuma kinachong'aa kwa mafuta uji hauwezi kukishika. Na jambo la nne: uji wenyewe una baridi ya friji kali mno, chuma kidogo cha alumini kinapoa kikiingia tu. Utoe friji dakika 10 kabla.

#11 KaraiLaBergen
Hapo kwa uji wa baridi napinga. Uji wa baridi unashika vizuri zaidi. Uji uliopata joto, baada ya kuchovya chuma cha moto mara nyingi, ndio unaoharibika: unakuwa mzito, una vipande vya yai lililoiva. Mimi nauweka kwenye chombo chembamba chenye kina, kama kibati cha mkate, na hicho chombo kinakaa ndani ya bakuli la maji ya baridi. Ukizidi uzito naongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

#12 Mswahili_Minnesota
Chombo chembamba nakubali. Baridi tuendelee kubishana.

#13 KipimoKamili
Mabishano ya #1 na #3 yana kipimo chake. Kaanga rosetti 20, ziache zipoe kabisa kwenye wavu. Zipime zote pamoja kwenye mizani ya jikoni, andika. Ziache kesho yake zikiwa wazi, pima tena. Zikiwa zimeongezeka uzito na zimelainika, zimekunywa maji ya hewani, na mleta mada ana hoja. Zikiwa zimelainika na uzito ni ule ule, maji yalikuwa ndani tangu mwanzo, na FundiJiko ana hoja.

Moja moja msipime. Ni nyepesi mno kwa mizani ya gramu moja.

#14 BiZuhura_Uppsala
Mizani yako nzuri, lakini mafuta nayo yanadondoka usiku. Zinaweza kunywa maji gramu 3 na kudondosha mafuta gramu 3, ukasoma "uzito ni ule ule".

#15 KipimoKamili
Kweli. Basi zikae saa mbili kwenye karatasi kwanza, zibadilishiwe karatasi mara moja, ndipo upime mara ya kwanza. Halafu weka sinia chini ya wavu, ulipime sinia pia. Kilichodondoka kitaonekana humo.

#16 NyumbaYaTromsø
Mnaisema hewa ya nje, lakini rosetti hukaangwa Desemba, na nyumba za huku Desemba zina hita usiku na mchana. Hewa ya baridi ikiingia ndani na kupashwa moto inakuwa kavu sana, midomo inapasuka. Unyevu unatoka kwenye jiko lenyewe: viazi vinachemka kando, madirisha yametoa jasho, na rosetti zinapoa hapo hapo. Zitoeni mzipeleke chumba kingine kikavu. Na msifunge kopo zikiwa na uvuguvugu. Uvuguvugu ndani ya bati ni mvuke, na mvuke unarudi kwenye rosetti.

Bergen yenu yenye mvua labda ni hadithi nyingine.

#17 KaraiLaBergen
@NyumbaYaTromsø Bergen tunanyeshewa nje, si ndani ya kopo. Lakini la mvuke wa viazi nimelipokea.

#18 MpishiWaKilindini
Habari za huko baridini. Mimi niko Mombasa, chuma nililetewa kutoka Oslo. Huku hewa ndiyo mtihani wenyewe, kwa hiyo nasema yale yanayofanya kazi penye unyevu.

Kwanza mafuta. Huko wengi hukaangia mafuta magumu ya nazi au ya nguruwe. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kwenye chumba chenye nyuzi 20 yanakauka juu ya rosetti, vidole havipati mafuta, mdomoni inavunjika safi. Mafuta hayo hayo huku hayagandi, chumba kina nyuzi 29. Rosetti ile ile inaonekana ina mafuta mengi na imelegea. Kwa hiyo si kila "imelainika" ni unyevu. Nyingine ni mafuta kutoganda.

Pili, dada zake rosetti wako kwenye Bahari hii hii ya Hindi. Sri Lanka wana kokis, Kerala wana achappam, chuma ni cha namna hiyo hiyo. Wao hutumia unga wa mchele na tui la nazi, na zinakaa kavu kwenye nchi zenye unyevu kama wa kwetu. Nikibadilisha g 50 za ngano kwa unga laini wa mchele, zangu zinadumu. Kosa ni ngano.

#19 BiZuhura_Uppsala
@KaraiLaBergen umesikia? Achappam ina sukari ndani ya uji, tena si haba. Kerala kuna unyevu kuliko Bergen. Na bado inavunjika. Hoja ya sukari imepata jeraha hapo.

#20 KaraiLaBergen
Na kokis, je? Hiyo hupikwa kwa chumvi, na nayo inakaa. Achappam inakaa *licha ya* sukari kwa sababu mchele hauna gluteni. Gluteni hufanya utando unaonyumbuka, na kinachonyumbuka kikipata maji kidogo tu kinapinda. Kwenye ngano sukari inaongeza balaa, kwenye mchele haina pa kushika. Hizo ni sababu mbili zinazosaidiana. Sijashindwa bado, bibie.

#21 FundiJiko
Huko huko Skandinavia wanga upo: unga wa viazi, potetmel, uko kila duka la Norwei. Katika g 125 toa g 25 za ngano, tia g 25 za potetmel. Uji utakuwa mwepesi kidogo, punguza maziwa vijiko viwili. Mkoroge kila unapochovya, maana wanga huzama chini.

Na unga wenyewe someni pembeni ya mfuko. Protini asilimia 10 inafaa. Ikifika 12 au 13 huo ni wa mkate.

#22 MlaVitamu
Mbona krumkake hazilainiki hivyo na zenyewe hukaangwa kwenye chuma zikiwa na sukari tele?

#23 NyumbaYaTromsø
Krumkake hazikaangwi. Uji wake unabanwa kati ya vyuma viwili bapa vyenye nakshi, hakuna mafuta ya kuogelea. Inaokwa, inavingirishwa ikiwa moto kwenye kijiti chenye umbo la pia. Sandbakkels nazo ni za oveni, kwenye vibati vidogo. Kwenye sinia la Krismasi la Kinorwei, lile la aina saba, zinazoingia mafutani hasa ni rosetti, fattigmann (vipande vya donge vya umbo la almasi) na hjortetakk (vipete vya donge). Hizo saba zenyewe hazina orodha moja, kila nyumba ina yake.

Krumkake nayo hulainika, usidanganyike. Iache wazi kwenye chumba chenye mvuke uone.

#24 MlaVitamu
Nimeelewa. Na fattigmann inakuwaje? Naona wanatia konyaki.

#25 NyumbaYaTromsø
Kanuni ya kale ni rahisi kushika: kwa kila kiini cha yai, kijiko kikubwa kimoja cha sukari na kijiko kikubwa kimoja cha krimu. Chukua viini 6, sukari vijiko 6, piga mpaka viwe vyeupe. Krimu vijiko 6, ipige ishike kidogo, changanya. Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, konyaki kijiko kikubwa kimoja, chumvi chembe. Unga kati ya g 250 na 300, acha kuongeza donge likiwa bado linanata kidogo. Lifunge, lilale kwenye friji usiku mzima.

Asubuhi chukua robo tu, nyingine ibaki baridi. Sukuma unene wa milimita 2 hadi 3. Kata kwa gurudumu la meno, umbo la almasi, urefu sentimita 10 upana 5. Toboa mpasuo katikati, pitisha ncha moja humo, vuta upande wa pili. Nyuzi 180, dakika moja na nusu hivi, geuza mara moja.

Kosa kubwa ni unga wakati wa kusukuma. Ukinyunyiza mwingi unadondoka mafutani, unaungua, mafuta yanakuwa meusi na machungu kabla hujafika nusu. Pangusa kila kipande kwa brashi kavu.

Na iliki isagwe siku hiyo hiyo kutoka kwenye punje. Ile ya unga ya kopo imeshapoteza harufu.

#26 MpishiWaKilindini
Kwa iliki hapo mmefika kwetu. Ila kwa sisi tusiotumia pombe, konyaki inafanya kazi gani hasa? Nikijua kazi yake nitajua cha kuweka.

#27 FundiJiko
Inazuia mafuta kuingia. Kileo hugeuka mvuke mapema kuliko maji, kwa nyuzi 78, na ule mvuke unaotoka unayasukuma mafuta nje. Ndiyo maana donge linapata vipele juu.

#28 KipimoKamili
Kijiko kikubwa ni ml 15. Konyaki ni asilimia 40, kwa hiyo kileo chenyewe ni ml 6 kwenye donge lenye karibu gramu 600. Kiasi hicho hakiwezi kusukuma mafuta popote. Kama kinafanya kitu, basi kinachukua nafasi ya maji: mahali pa kijiko cha maji umeweka kitu ambacho karibu nusu yake haijengi gluteni, donge linasukumika bila kurudi nyuma.

#29 NyumbaYaTromsø
Kuna wanaosema ni ladha tu, na wako sawa nusu. Ukila ya konyaki na isiyo nayo ubavuni, harufu ni tofauti, mlio ni ule ule.

#30 BiZuhura_Uppsala
@MpishiWaKilindini mimi huweka maji ya limau kijiko kikubwa kimoja na ganda la limau lililokwaruzwa. Siki nyeupe pia inafaa, kijiko cha chai kimoja na maziwa vijiko vya chai viwili. Na mafuta yawe ya alizeti au ya nazi, ya nguruwe hayana ulazima. Klenäter za Kiswidi, ambazo ni ndugu wa fattigmann, wengi sasa hukaangia mafuta ya mimea. Wakizitoa huzigaragaza kwenye sukari ya chenga zikiwa bado moto.

#31 MpishiWaKilindini
Shukrani dada. Hiyo ya kugaragaza kwenye sukari inanikumbusha visheti. Lakini visheti hutiwa shira nzito iliyochemshwa, ikipoa inaganda kuwa ukuta mweupe mkavu, na ndani panabaki pakavu siku nyingi hata huku pwani. Hilo nalo limguse mleta mada: sukari ikipikwa ikaganda nje, inakinga.

#32 KaraiLaBergen
Nje, sawa. Mimi nimesema *ndani ya uji*. Tusihamishe goli.

#33 Chipukizi_wa_Turku
Naomba kuchepuka. Kuna pakiti ya hjortetakksalt (huku Ufini hirvensarvensuola), kuifungua tu harufu imenipiga puani. Inafaa kwenye rosetti?

#34 FundiJiko
Kwenye rosetti hapana, uji hauhitaji kuumuka. Povu lolote ndani ya uji linakuwa shimo. Ndiyo maana hata mayai hayapigwi sana, yanachanganywa tu, na uji unachujwa. Rosetti yenye malengelenge ni mayai yaliyopigwa mno.

Hiyo ni ya hjortetakk na aina fulani za klejner za Denmark. Ni chumvi ya amonia, zamani ilitolewa kwenye pembe za kulungu. Ikipata joto inageuka yote kuwa hewa na mvuke, haiachi kitu nyuma kama magadi yanavyoacha ladha ya sabuni. Ila kitafunwa kiwe chembamba na kikavu ili amonia ipate njia. Ukiitia kwenye keki nene, harufu inabaki ndani. Funga pakiti kwa kukaza, inapotea yenyewe hewani. Na donge bichi usilionje.

#35 ShemejiWaReykjavik
Kama mnatafuta kikavu kisicho na ubishi, njooni Aisilandi: laufabrauð. Unga, siagi kidogo, maziwa ya moto yanamwagwa juu yake, sukari chembe, chumvi. Unakanda likiwa na joto, unasukuma mpaka uone meza kupitia humo, duara la sentimita 20. Unachora majani kwa kisu au kwa kigurudumu cha shaba, unafunua ncha moja ya jani unaikunja juu ya nyingine. Toboa kwa uma kila mahali lisivimbe. Mafuta ya moto kupita ya rosetti, karibu 200, sekunde chache kila upande. Likitoka tu unaliwekea karatasi na kulikandamiza kwa kitu bapa.

Yanapangwa kwenye kopo na kukaa wiki kadhaa. Siri ni wembamba na moto mkali.

Kleinur zetu ni kitu kingine. Donge lina unene wa karibu nusu sentimita na maziwa ya mgando, zinatakiwa ziwe laini ndani. Asizipime mtu kwa kipimo cha rosetti.

#36 KaraiLaBergen
Sukari chembe, umesema?

#37 ShemejiWaReykjavik
Kijiko kikubwa kimoja kwa nusu kilo ya unga. Usinitie kwenye kesi yako.

#38 Chipukizi_wa_Turku
Na kwa heshima ya Ufini: tippaleipä, za Mei Mosi, huliwa na sima (si ugali, ni kinywaji cha Kifini cha limau kilichochachushwa). Mayai 2, sukari vijiko vya chai 2, chumvi kijiko cha chai 1, maziwa desilita 2, unga desilita 3 na nusu. Unatia kwenye mfuko, unakata tundu la milimita 3 au 4, unachora kama kiota ndani ya pete ya bati iliyomo mafutani, nyuzi 180. Bila pete uzi unatawanyika sufuria nzima. Hizi ninaziweza, ni rosetti tu zinazonishinda.

Hizi hulainika jioni ile ile, nazo sukari yake ni ndogo. Hilo mnaliwekaje?

#39 FundiJiko
Ni nene. Nyuzi zimepandana, katikati maji hayajatoka. Hilo ni la upande wangu.

#40 KaraiLaBergen
Au ni ngano tupu, kama asemavyo wa Kilindini. Haliendi kwa yeyote bado.

#41 KipimoKamili
Turudi kwenye hoja basi. Bakuli tatu, uji wa #1. La kwanza bila sukari. La pili sukari vijiko vikubwa 2. La tatu sukari hiyo hiyo, ila g 25 za ngano zibadilishwe kwa potetmel. Kila bakuli rosetti 12. Kila moja itolewe mapovu yakiisha, si kwa saa wala kwa rangi, ili hoja ya #2 na #3 zisiingiliane. Kopo tatu tofauti. Zijaribiwe kwa kuvunja baada ya siku 1, 3 na 7.

#42 BiZuhura_Uppsala
Bakuli lako la kwanza litapata mafuta safi, la tatu litapata mafuta yaliyochoka. Chovya kwa zamu: moja la kwanza, moja la pili, moja la tatu, kisha rudia.

#43 Mswahili_Minnesota
Ukichovya kwa zamu chuma kile kile, uji wa bakuli moja unaingia kwenye jingine. Tumia vyuma vitatu vya umbo moja, au futa kila mara kwa karatasi na kukirudisha kwenye mafuta sekunde 20. Na umbo liwe lile la nyota lenye kuta nyembamba. La kipepeo lina pembe nene, zile zinabaki na maji hata ufanyeje.

#44 MpishiWaKilindini
Mkimaliza huko, nitafanya bakuli hizo hizo huku penye nyuzi 29, na la nne la mchele g 50. Mnitajie tu mafuta mtakayotumia. Kama ni ya nazi, mimi nitalazimika kupima mara mbili: sinia moja kwenye meza, jingine kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20.

#45 KaraiLaBergen
Alizeti, kwa wote, lita moja na nusu mpya, ichujwe baada ya kila rosetti 12. Ya nazi tuiweke kando mpaka hoja ya sukari ipate jibu. Na sukari iwe ya chenga laini, iyeyuke kabisa kwenye maziwa kabla unga haujaingia. Chembe isiyoyeyuka inaungua na kuganda kwenye chuma, halafu mtasema ni chuma.